Msusi Asiye na Nywele

Kwa miaka kumi na minne Nanzala aliishi kwa vidole vyake. Alisuka wake za wachungaji, walimu, wauza nyanya, maharusi wa Sugoi walioletwa mjini asubuhi na mapema na shangazi zao, na wasichana wa chuo waliotaka nywele za kufika kiunoni kwa bei ya nywele za kufika shingoni. Wateja walimfuata kila alipohama saluni, na mwisho alipotulia kwa Apondi, kwenye orofa ya kwanza ya jengo moja nyuma ya soko, walipanda zile ngazi nyembamba huku wakilalamikia magoti yao, lakini walipanda.

Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba kichwa kilichoinama juu ya vichwa vyao hakikuwa na nywele.

Ilianza mwaka uliotangulia, mwezi wa pili, wakati upepo unapobeba vumbi la mashamba na kulitia hadi ndani ya sukari. Binti yake Selpha, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa akimfumua misuko nyumbani kwao Yamumbi, akasita.

"Mum, hapa nyuma ya sikio kuna shilingi kumi."

"Shilingi kumi gani?"

"Mahali hakuna nywele. Ni laini kama goti la mtoto."

Shilingi kumi ikawa kisosi, kisosi kikawa sahani. Kufikia Krismasi vilikuwa vimebaki vishungi vichache, kama nyasi za uwanja uliochezewa mpira msimu mzima. Nyusi nazo zikaanza kupukutika. Nanzala alijipaka maji ya matunda ya ndulele mpaka ngozi ikawaka moto. Alisugua vitunguu saumu. Aliombewa na akina mama wa kanisa, lakini aliwaambia kichwa kinamuuma tu. Daktari wa ngozi alimweleza kwa upole kwamba ugonjwa huo hautokani na uchafu wala uchawi, na hauambukizi. Askari wa mwili wake walikuwa wamekosea adui, wakazivamia nywele zake mwenyewe. Zingeweza kurudi. Zingeweza pia zisirudi.

Maneno hayo alirudi nayo nyumbani, akayafungia kifuani. Kilichomtisha kwanza hakikuwa sura yake, ilikuwa kazi. Nani atampa kichwa chake mtu aliyeshindwa kulinda cha kwake? Wangesema ni mashilingi, yale mabaka ya kuambukiza. Wangesema ni dawa zake za kulainisha nywele zimemgeukia. Alijishonea wigi refu la rangi ya kahawia, akalibandika kwa gundi kila asubuhi kabla Selpha hajaamka, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuogopa upepo, kuogopa watoto wachanga wanaopenda kuvuta, kuogopa hata kukumbatiwa kanisani.

Mumewe Wabuge naye hakujua yote. Alikuwa dereva wa lori lililopeleka unga Lodwar na Kakuma. Siku kumi barabarani, siku tatu nyumbani. Alikuwa ameonyeshwa ile shilingi kumi ya kwanza. Baada ya hapo mkewe alianza kulala na kofia ya sufu, akisema Eldoret ni baridi, na kweli Eldoret ni baridi, kwa hiyo Wabuge hakuuliza tena.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kujua, naye alikuwa Idil, mwenye duka la vitambaa lililokuwa chini ya saluni. Idil alisukwa kila Alhamisi ya pili, kwenye kachumba cha nyuma, pazia likiwa limefungwa, maana nywele zake hazikuwa za kuonwa na kila mpita njia. Siku moja Nanzala alipokuwa akilivuta hilo pazia, ndoano ikakamata wigi. Likang'oka upande mmoja na kuning'inia.

Nanzala alisimama kama aliyemwagiwa maji. Idil hakupiga kelele. Alilinasua wigi polepole, akalipangusa kwa kiganja, akamrudishia.

"Kwanza kaa chini, dada," alisema. "Unatetemeka."

Hakumwambia mtu. Lakini tangu hapo, kila Alhamisi yake, alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe huko juu uko aje?"

Mwezi wa nne, mvua zilipoanza, huko juu hakukuwa salama. Gundi ilikuwa imemchubua juu ya masikio na vidonda vikaanza kutoa maji. Daktari alimtazama akatikisa kichwa.

"Wiki sita bila gundi, bila wigi, bila kitu cha kubana. La sivyo utarudi hapa na kitu kibaya zaidi."

Nanzala alijaribu kufunga kitambaa. Siku ya kwanza mteja alimuuliza kama amehamia dhehebu lile la wanawake wa vilemba. Siku ya tatu kitambaa kilikuwa kimegandana na kidonda, na alipokibandua chooni machozi yalimtoka. Siku ya tano, akiwa anaosha kichwa cha mwanamke mmoja wa Kiplombe, alisikia huyo mwanamke akimnong'oneza mwenzake: "Huyu naye anaficha nini? Mimi sitaki kuambukizwa vitu." Vidole vya Nanzala viliendelea kusugua.

Jioni hiyo alishuka dukani kwa Idil, akaketi juu ya robota la kitambaa bila kukaribishwa.

"Nimechoka, Idil."

Idil alikuwa akikunja mtandio. "Watu huniuliza kama sisikii joto na hivi vitu," alisema. "Mimi najifunika kwa sababu ni dini yangu na napenda. Nikijifunika, roho yangu inatulia. Wewe ukijifunika, roho inapanda. Mimi naona si kitu kimoja."

"Kwa hiyo nitembee hivi? Kama kuku aliyenyonyolewa nusu?"

"Nusu ndiyo mbaya," Idil alisema. "Nusu inaonekana kama ugonjwa. Ukitoa zote, inaonekana ni wewe umetaka."

Ni rahisi kusema. Idil hakujua, au pengine alijua akanyamaza, kwamba kwa watu wa Nanzala mwanamke hanyoi kichwa kwa kutaka. Kule kwao Kimilili kichwa hunyolewa baada ya maziko, na mke hunyolewa anapomzika mumewe. Mke wa mtu aliye hai akijinyoa, anakiita kifo cha nani? Nanzala aliifikiria barabara ya Lodwar, makorongo yake na magari yaliyolala chini ya makorongo hayo, akaona baridi ikimpanda mgongoni. Kisha kidonda kikamwasha, na kitambaa kikavuta, na akajua kwamba hawezi kulala na hicho kitu kichwani hata siku moja zaidi.

Jumanne alfajiri Wabuge aliondoka na unga. Jumanne hiyo hiyo, saa kumi jioni, Nanzala aliingia kwa kinyozi Vincent, ambako hakuna mwanamke aliyewahi kuketi kwenye kiti chake. Wanaume wawili waliokuwa wakingoja waligeuka kumtazama. Alifungua kitambaa.

Vincent alizima mashine. "Pole sana, mama," alisema. "Ni nani ametuacha?"

"Hakuna aliyekufa," Nanzala alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Nyoa tu. Upite mbali na hivyo vidonda."

Haikuchukua dakika tano. Alipotazama kioo aliona mtu mwenye masikio makubwa kuliko alivyodhani, na fuvu la mviringo mzuri, na macho yaliyokuwa yakiomba msamaha. Hayo macho ndiyo yaliyomuudhi.

Kesho yake hakuvaa sweta lake la kijivu. Sandukuni alikuwa na gauni la kitenge, chungwa na samawati, maua makubwa kama sufuria, lililoshonwa miaka miwili nyuma na halijawahi kutoka nje kwa sababu mwili wake ulikuwa mnene na aliona maua yale yangeutangaza. Alilivaa. Akatundika hereni za shaba zilizogusa mabega. Akachora nyusi, akazifuta, akazichora tena. Akapaka midomo nyekundu. Selpha alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa shule.

"Mum," alisema, akameza mate. "Unatisha." Kisha haraka, "Si vibaya! Unatisha kama mtu wa maana."

Njia nzima moyo ulimdunda. Mwendesha bodaboda aligeuza shingo mpaka nusura aingie mtaroni. Watoto wawili walicheka, mmoja akajipigapiga kichwa. Karibu na soko, mama mmoja asiyemfahamu, mwenye uso wa huruma, alimsimamisha, akamshika mikono miwili, akambandika kiganjani noti iliyokunjwa mara nne.

"Mungu akupe nguvu, mama. Na mimi nilizika wangu mwaka jana."

Kabla Nanzala hajafungua mdomo, yule mama alikuwa amekwisha pita. Akabaki amesimama katikati ya mikokoteni ya viazi, ameshika rambirambi ya mume aliye hai. Aliitoa simu mkobani, akampigia Wabuge. Mteja hapatikani. Alipiga tena. Mteja hapatikani. Alijiambia kwamba baada ya Kainuk mtandao huwa wa kubahatisha, umekuwa hivyo siku zote. Lakini siku zote hakuwa amenyoa.

Apondi alipomwona aliangusha kitana. Alikuwa mwanamke mpole, mkubwa kwa Nanzala kwa miaka kumi, na saluni hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake wote. Alimvuta hadi kachumba cha nyuma.

"Nanzala, hii ni nini? Ni nani amekufa?"

Akamweleza yote, kuanzia shilingi kumi. Apondi alisikiliza huku mkono umefunika mdomo.

"Mwaka mzima umekaa na mimi hapa na hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Na sasa unafanya niogope mimi." Apondi alishusha pumzi. "Sikufukuzi. Lakini mimi nauza nywele. Mtu akipanda zile ngazi, kitu cha kwanza anaona ni wewe. Kaa huku nyuma kidogo. Mpaka tuone."

Akakaa nyuma. Siku hiyo wateja wake watatu walikuja, mmoja alisukwa akiongea bila kupumua ili asitazame, mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli benki, na wa tatu, mwalimu wa hesabu, alimtazama kwa muda akasema tu, "Leo nataka ndogo ndogo, na usinivute hapa mbele." Nanzala alitamani kumkumbatia. Katikati ya vichwa alipiga simu ya Wabuge mara saba.

Alhamisi, saa tano asubuhi, simu yake ililia. Aliirukia akidhani ni Wabuge. Alikuwa mama mkwe, Nakhumicha, ambaye wajukuu walimwita Kukhu, yaani nyanya. Mtu fulani alikuwa amempiga Nanzala picha barabarani, na picha ilikuwa imefika Kimilili asubuhi hiyo.

"Mama Selpha." Sauti ilikuwa ya chini, ya kutisha. "Ni nani amekufa ambaye mimi sijaambiwa?"

"Hakuna, Mama. Naomba nikueleze..."

"Wabuge yuko wapi?"

Nanzala alikosa la kusema kwa muda mfupi tu, lakini huo muda mfupi ulitosha. Simu ilikatika. Ilipofika saa kumi, Kukhu alikuwa mlangoni Yamumbi, viatu vimejaa tope, mwavuli mkononi kama rungu. Hakutoa salamu ya mulembe wala nyingine. Alikataa kiti. Alikataa chai.

"Unamnyolea mwanangu akiwa hai?"

"Mama, sikunyoa kwa sababu ya Wabuge. Ni ugonjwa. Tazama."

Alipiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa. Kisha akasikia kidole kigumu, cha mtu aliyepalilia mahindi miaka hamsini, kikipita juu ya fuvu, kikisita penye kidonda, kikipita tena. Kilitafuta ncha za nywele zilizokatwa, kama zinavyobaki kichwani mwa mtu aliyenyolewa. Karibu kote hazikuwepo.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa pili."

"Na Krismasi ulikuja kwangu ukacheka, ukakamua ng'ombe wangu, na huu wote ulikuwa chini ya zile nywele za duka."

"Ndiyo, Mama."

Kukhu aliketi hatimaye. Hakuwa amesamehe. "Mpigie," alisema.

"Hapatikani tangu jana."

Hapo Nanzala aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika miaka kumi na saba ya ndoa. Midomo ya mama mkwe ilitetemeka. Yule mwanamke hakuwa amekuja kwa hasira. Alikuwa amekuja kwa woga, uleule wa Nanzala, na kila mmoja alimtazama mwenzake kama anayejiuliza kama ni yeye ndiye ameleta balaa.

Kukhu hakulala kwenye nyumba ya mwanawe, kwa kuwa mila haimruhusu. Alikwenda kwa binamu yake Kiplombe. Lakini Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni tena, amesindikizwa na ukungu. Nanzala hakwenda kazini. Walichambua maharagwe ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa. Redio ilisema mvua kubwa imenyesha kaskazini, mito imefurika, gari moja limesombwa karibu na Lokichar. Haikusema gari gani. Kukhu aliinuka akaizima. Baada ya muda akaiwasha tena.

"Mwenye lori anasemaje?"

"Anasema tungoje."

"Ungefunga hata leso," Kukhu alisema bila kumtazama. "Mpaka asikike."

Nanzala alichukua leso. Alikuwa tayari kufunga leso, kufunga gunia, kufunga chochote. Aliifikisha kichwani, ikagusa kidonda, akaruka kwa uchungu. Kukhu aliona. Akainyoosha mikono, akaichukua ile leso, akaikunja na kuiweka mapajani mwake.

"Acha," alisema. "Kama ni kufa, hafi kwa sababu ya leso." Lakini hakuonekana kama anayeamini anachosema, na Nanzala pia hakuamini, na maharagwe yakaendelea kudondoka kwenye sufuria moja moja.

Jumamosi, saa sita na robo mchana, simu ikalia kwa namba ngeni.

"Mama Selpha?" Ilikuwa sauti ya Wabuge, imejaa mikwaruzo. "Hii ni simu ya askari mmoja. Laga lilijaa maji likawa mto, tumekaa siku nne upande huu bila mtandao. Simu yangu iliingia maji. Unga uko salama. Mimi niko salama, isipokuwa njaa."

Kukhu aliipokonya ile simu.

"Wabuge! Ni wewe?"

"Ni mimi, mayi. Mbona uko kwangu? Kuna nini?"

"Mke wako amenyoa kichwa."

Ulisikika upepo wa huko, na mtu akicheka kwa mbali. Kisha Wabuge akauliza kwa woga, "Nani amekufa?"

Kukhu alianza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akateleza mpaka akaketi sakafuni, miguu imenyooka mbele kama ya msichana, machozi yakimtiririka, na Nanzala hakuweza kutofautisha kicheko na kilio, wala chake wala cha mwenzake. Alipotulia, jambo la kwanza alilosema lilikuwa: "Sasa naweza kunywa chai."

Wasiwasi wa Nanzala haukuishia hapo; ulihama tu. Wabuge alikuwa hai, na sasa angemwona. Na kabla ya Wabuge kulikuwa na kanisa, kesho yake. Asubuhi ya Jumapili alivaa gauni la kitenge, akalivua, akavaa la kijivu, akalivua. Kukhu alikuwa amengoja nje mpaka akachoka.

"Vaa lile lenye makelele," alisema kupitia dirishani. "Ukivaa la kijivu watasema ni matanga kweli."

Walipofika lango la kanisa, Nanzala alisimama nje. Ndani walikuwa wakiimba. Alijua kila kichwa kingegeuka, na kila mdomo ungeuliza swali lilelile.

"Nitatangulia," Kukhu alisema. "Waniulize mimi kwanza."

Akatangulia, mdogo, mgumu, mwavuli kwapani. Vichwa viligeuka kweli. Katika safu ya tatu mama mmoja akainuka nusu, mikono imenyooshwa kwa pole, na Kukhu akamwambia kwa sauti iliyopita juu ya wimbo, "Kaa chini. Hakuna aliyekufa. Mwanangu yuko njiani na njaa yake." Nanzala alipita nyuma yake, shingo imekakamaa, hereni zikigonga mashavu. Ibada nzima alihisi macho kisogoni. Hakusikia neno moja la mahubiri.

Wabuge alifika Jumanne alasiri, wiki mbili tangu aondoke, tope hadi magotini. Nanzala alikuwa amelitazama lile wigi mara tatu siku hiyo. Lilikuwa kitandani. Lilibaki kitandani. Alisimama katikati ya chumba kama mtu anayengoja hukumu, mikono hajui aiweke wapi.

Mumewe alimtazama kwa muda mrefu, mrefu mno.

"Zunguka," alisema.

Akazunguka.

"Kwa hiyo ndiyo maana ya ile kofia," Wabuge alisema. Akavua koti, akalitundika, akalitundua, akalitundika tena. "Mwaka mzima umelala ukinipa mgongo, Mama Selpha. Mimi nilidhani unanikimbia. Huko barabarani nilikuwa naendesha nikijiuliza ni nani."

Nanzala hakuwa amewahi kufikiria hilo hata kwa dakika moja. Alikuwa ameshughulika na kukificha kichwa, asione kwamba mwenzake naye alikuwa akiogopa.

"Hakukuwa na mtu," alisema. "Kulikuwa na hiki tu."

Wabuge alinyoosha mkono, akasita. "Kinauma?"

"Pembeni. Juu hakiumi."

Akamgusa juu. "Sitakudanganya," alisema. "Macho yangu yatachukua muda kuzoea."

"Hata yangu," Nanzala alisema.

Ukimuuliza mambo yalikwendaje baada ya hapo, hatakwambia yalinyooka. Wateja wengine hawakurudi kamwe. Yule wa Kiplombe alihama na wenzake wawili. Apondi alimweka kachumba cha nyuma kwa miezi miwili. Vidonda vilipofunga, Idil alikuja na hina wakati wa Idd, akamchora mmea unaotambaa kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na Nanzala akapita nao mjini akiwa na gauni la kijani na moyo ukienda mbio vilevile. Alipigwa picha tena, nayo ikasambaa. Safari hii ilileta watu: mwanamke aliyeunguzwa na dawa ya nywele akiwa msichana, mwingine aliyetoka hospitalini, msichana mmoja aliyeletwa na babake ambaye hakujua amtazame wapi. Walitaka kuketi na mtu asiyeshtuka. Alipoona ngazi zimejaa tena, Apondi alimrudishia kiti chake cha mbele bila kusema kitu, naye Nanzala hakumdai maneno.

Woga haukuisha. Kila asubuhi husimama kidogo nyuma ya mlango kabla ya kuufungua. Wabuge akiwa safarini na simu isipoingia, mkono wake hupanda kichwani wenyewe.

Desemba walikwenda Kimilili. Kukhu aliwangoja uani, akamtazama mkwewe na gauni lake la manjano, mabega wazi, mikono minene iking'aa kwa mafuta.

"Hapa kwangu vaa unavyotaka," alisema. "Lakini matangani utafunga leso. Hilo sitakubali libadilike nikiwa hai."

"Nitafunga, Mama."

"Haya. Njoo hapa mwangani." Akamshika kidevu, akakiinamisha kichwa, akasogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikapasha ngozi joto. "Kuna vitu vinaota hapa. Vyeupe. Laini kama manyoya ya kifaranga."

Nanzala alipeleka kidole. Ni kweli, vilikuwepo. Daktari alikuwa amemwonya kuhusu vya namna hiyo: vinaweza kukua, vinaweza kudondoka wiki ijayo. Alihisi moyo ukianza mbio zake, na hakujua aombe nini, vikae au viende, wala hakujua angekuwa nani vikikaa.

"Usimwambie mtu bado, Mama," alisema.

"Nitamwambia nani?" Kukhu alisema, akamkabidhi kisu na beseni la viazi.